Ndege Waliokufa Uani kwa Naghenjwa

Chungu cha wema nacho huoshwa. Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi kwa shangazi yenu, mkacheka, mkaulizana wema una chungu gani. Haya, endeleeni kupukuchua hayo maharage huku mkisikiliza. Maneno hayo hayakutungwa na mtu aliyekaa kitako akitafuta la kupendeza. Yalimtoka mtu aliyedhulumiwa, mbele ya watu waliomdhulumu, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Upare, kwenye kitongoji kilichoitwa Vuchini, aliishi mwanamke jina lake Naghenjwa. Mumewe, Mbonea, alikuwa mtu wa maneno mengi. Alizungumza na wageni, alizungumza na mbuzi, alizungumza hata na jembe likimchosha. Alipofariki, nyumba ilinyamaza kiasi kwamba Naghenjwa alikuwa akishtuka akisikia kuni zikipasuka motoni. Binti yao wa pekee, Nambike, alikuwa ameolewa huko chini tambarare, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Kwa hiyo mama alibaki peke yake na migomba yake, na uwanja alioufagia kila asubuhi ingawa hakuna aliyeuchafua.

Mwaka uliofuata msiba huo, mvua za vuli hazikunyesha. Watu wa Vuchini walimwagilia mashamba yao kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa walilolichimba babu zao kukinga maji ya kijito. Mwaka huo ndiva ilishuka hadi matope ya kingo yakapasuka kama nyayo za mzee. Mzee Mchome, aliyekuwa mgawaji wa maji, alipunguza zamu za kila mtu. Huko juu msituni nako vichaka vilikauka, vijito vidogo vikafa, na ndege wakaanza kushuka kwenye nyumba za watu.

Siku moja Naghenjwa alikuwa uani akisugua vyombo. Tetere mmoja, njiwa mdogo wa porini, alitua karibu na mguu wake, akaanza kunywa maji machafu yaliyokuwa yakitiririka ardhini. Hakumwogopa. Naghenjwa alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Pole, mwenzangu. Kiu imekuondolea hata woga."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu kuamka. Aliyasikia yakitoka kinywani mwake, akaona kifua kimekuwa chepesi kidogo.

Akaingia jikoni, akatoa chungu kipana alichokuwa akimpikia Mbonea makande. Kilikuwa kimepata ufa ukingoni, hakifai tena kukaa mafigani, lakini maji kilishika. Akakiweka juu ya jiwe kando ya migomba, akakijaza. Pembeni yake akanyunyiza chembe za mtama na makombo ya ugali. Kabla jua halijapanda, tetere alikuwa ameleta wenzake. Kesho yake wakaja chiriku, wadogo, wa manjano, wenye sauti kubwa kuliko miili yao. Wakaja shore na shomoro. Wakaja na minana, wale wasokotao viota vya kuning'inia. Uwanja ulijaa kelele, na Naghenjwa akawa na wa kuzungumza naye.

Tangu hapo, kila asubuhi alikwenda kijitoni na mtungi wake, na kabla hajanywa yeye, aliwanywesha ndege. Hakumwaga yale yaliyobaki chunguni. Nani angemwaga maji mwaka ule? Mtu aliyemwaga maji alionekana kama anayechezea mboni za macho ya wenzake. Kwa hiyo aliongeza tu, ya leo juu ya ya jana. Chembe zikidondokea ndani, aliona si neno, ndege watazila. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama, wakasema, "Huyu mama ana moyo." Akina mama waliwaleta watoto wao waone. Naghenjwa alizisikia sifa hizo, na si uongo kwamba zilimpendeza.

Jirani yake wa upande wa bondeni aliitwa Kallaghe. Alikuwa mtu wa ukoo wa Mbonea, wamekua pamoja na kutahiriwa pamoja, na Naghenjwa alimwita shemeji. Kallaghe alikuwa na mkewe Nakiete, watoto wadogo, na shamba la mtama lililokuwa limesimama kwa taabu katika ukame ule. Minana waliokunywa kwa Naghenjwa walishuka kwa Kallaghe kula.

Akamjia uani. "Shemeji," akasema, "ndege unaowakaribisha hapa, karamu wanaifanyia kwangu."

"Nao ni viumbe vya Mungu, shemeji."

"Na watoto wangu je?"

Naghenjwa akampa mgongo, akanyunyiza mtama wake. Aliona amesemwa vibaya uani kwake, mbele ya chungu cha marehemu mumewe. Kallaghe akaondoka kwa hasira. Njiani alikutana na wanawake wakitoka kijitoni, akawaambia kwa sauti, "Ndege hawa iko siku nitawakomesha!" Wanawake wakayasikia, wakayabeba pamoja na mitungi yao.

Haukupita muda, Naghenjwa akamkuta chiriku amekaa chini karibu na chungu. Manyoya yalikuwa yamemvimba kama amevaa nguo ya mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umelowa. Alijaribu kumeza chembe, ikamshinda, akaitema. Naghenjwa aliinama akamshika, naye hakuruka. Mchana akafia kiganjani mwake.

Kesho yake walikuwa wengi. Tetere walilala chini ya migomba, shore kando ya ukuta. Naghenjwa aliwakusanya kwenye ungo, akachimba shimo mwisho wa bustani, akawazika. Asubuhi iliyofuata alichimba tena. Kelele zile zilizokuwa zimempa uhai zikaanza kupungua, na ile nyumba ikarudi kunyamaza. Alilia kama hakuwahi kulia hata siku ya kumzika Mbonea, maana siku ile watu walikuwa wengi na alijikaza.

Wanawake wa kijitoni wakamkumbusha maneno ya Kallaghe. Mmoja wao akaongeza kwamba alimwona akitwanga utupa, mmea ule ambao majani yake hutumika kuwalevya samaki. Naghenjwa hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mchome, na ungo wake mkononi, ndege wakiwa ndani.

Mzee Mchome akaita watu kwenye ndiva. Akamsimamisha Kallaghe katikati.

"Ulisema utawakomesha ndege?"

"Nilisema."

"Na utupa ulitwanga?"

"Nilitwanga, mzee. Mbuzi wangu walikuwa na kupe, nikawaogesha. Kawatazameni mbuzi wenyewe."

Hakuna aliyekwenda kuwatazama mbuzi. Watu waliutazama ule ungo, wakamtazama mjane aliyeubeba, na huruma ikawajaa mpaka ikawaziba macho. Wakakata shauri kwamba zamu ya maji ya Kallaghe isimamishwe mpaka akiri. Wengine walimwonea Naghenjwa huruma kweli. Wengine, nadhani, waliona kwamba zamu moja ikipungua, zao zitaongezeka. Kallaghe alimgeukia Naghenjwa, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, unanifahamu tangu ulipoletwa hapa bibi harusi." Naghenjwa akatazama pembeni.

Mfereji wa Kallaghe ukazibwa kwa mawe na udongo. Mtama wake, ambao minana walikuwa wamekwisha kuupunguza, ukanyauka uliobaki. Maharage yakafuata. Nakiete alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na watu walianza kuona kwamba mtoto yule analia sana, kilio cha mtoto ambaye titi halimtoshi. Lakini hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mtu alijua wanaadhibiwa kwa haki. Ndege nao waliendelea kufa, na watu walisema, "Tazama jinsi mtu yule alivyo mgumu wa moyo. Hata sasa hajaacha."

Ndipo habari ikaja kutoka tambarare kwamba Nambike amejifungua. Naghenjwa akafunga mzigo, akashuka kwenda kumlea mzazi. Alikaa huko mpaka kitovu cha mjukuu kikakatika na kukauka, na mzazi akaweza kwenda kisimani mwenyewe. Aliporudi Vuchini alikuta chungu kimekauka kwa jua, ndani kimebakiza ukoko mweusi. Chiriku wachache walikuwa kwenye migomba. Wazima. Wakaruka alipokaribia, kama ndege wanavyopaswa kuruka. Moyo wake nao ukaruka kwa furaha. Akachukua mtungi, akaenda kijitoni, akakijaza chungu juu ya ukoko ule ule.

Jumamosi ya juma lililofuata, alimwokota chiriku, mdomo umelowa, amekufa. Karibu yake alilala mwingine.

Safari hii hakwenda kwa Mzee Mchome. Alimchukua yule ndege, akashuka mwenyewe kwa hasira hadi kwa Kallaghe. Alimkuta Nakiete barazani akichambua mboga za porini, mtoto amelala mapajani.

"Yuko wapi mumeo?"

"Karibu, dada. Keti."

"Sikuja kukaa. Yuko wapi?"

"Hayupo. Ameshuka Gonja kutafuta kibarua. Aliondoka siku chache kabla wewe hujarudi, na bado hatujamwona."

Naghenjwa akasimama na ndege wake mkononi.

Nakiete akaweka mboga chini. "Dada, mimi sijakuja uani kwako kukutukana hata siku moja. Leo umekuja wewe, basi nisikilize. Ulipokuwa kwa Nambike, mume wangu alikuwa hapa hapa. Nilipita kwako kila siku nikienda kuchota maji. Sikuona hata unyoya mmoja chini. Ndege walikuwa wakiimba. Nikasema moyoni, akirudi ataona ndege wamepona wenyewe, atajiuliza. Nikakungoja. Umerudi, hukujiuliza. Sasa yeye hayupo, wewe upo, na ndege wanakufa."

"Unasema ninawaua mimi?"

"Sijui kinachowaua, dada. Ningejua ningesema siku ile ile walipotuzibia maji. Ninachojua ni kwamba si yeye."

Mtoto akaamka, akaanza kulia kile kilio chake chembamba. Nakiete akamweka titini, akainamisha kichwa.

Naghenjwa alipanda kurudi kwake bila kuaga. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa tena na mtu wa kumshukia. Akaketi kizingitini, akakikazia macho chungu. Alikitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala kwake siku nyingi bila kuulizwa jina.

Tetere mmoja akatua ukingoni, manyoya yamevimba. Akachovya mdomo, akanywa. Maji hayakushuka. Yakarudi, yakadondokea chunguni, na nyuma yake ukafuata ute mrefu kama uzi wa bamia. Tetere akajaribu tena, yakarudi tena. Kisha akashuka kwa kuyumba. Chiriku aliyekuwa akingoja zamu yake akaruka, akasimama pale pale, akainamisha mdomo.

"Toka!" Naghenjwa akapiga kelele, akatupa kandambili yake. Chiriku akaruka. Tangu alipokiweka chungu kile, hakuwa amemfukuza ndege hata mmoja.

Akaenda, akatumbukiza mkono ndani. Pembeni palikuwa na utelezi kama mgongo wa kambale. Chini kabisa vidole vyake vikazama katika kitu laini, akakitoa: chembe zilizooza, kinyesi, manyoya, vyote vimeshikana na ule ute. Harufu ilimfanya ageuze uso. Akainua chungu chote, akamwaga maji, uchafu ukabaki umeng'ang'ania ndani. Maji yale aliyokuwa ameona ni dhambi kuyamwaga yalitoka meusi.

Akakaa chini palepale kwenye tope. Alimfikiria Mbonea, ambaye katika maisha yao yote hakuwahi kula katika chungu kisichooshwa. Hata siku alizokuwa mgonjwa yeye mwenyewe, Naghenjwa aliamka akasugua. Angeona aibu kumpa mume kilichochacha. Lakini hawa aliwapa, na watu walikuwa wakimsifu, na katika kusifiwa hakuinama hata siku moja kutazama ndani. Kisha akamfikiria Kallaghe amesimama katikati ya watu. Akaufikiria mfereji uliozibwa. Na mtoto yule.

Angeweza kukisugua chungu na kunyamaza. Ndege wangepona, Kallaghe angekiri asilolitenda au angehama, na watu wangeendelea kumwita mwenye moyo. Naghenjwa mwenyewe aliwahi kusema uzeeni kwamba wazo hilo lilimjia, likakaa naye mpaka jua likageuka. Kisha akasimama, akakibeba chungu vilevile na uchafu uliobaki ndani, akaenda kwa Mzee Mchome kumwomba apige pembe ya kuwaita watu.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Nitalisema mbele ya Kallaghe. Tumeni mtu Gonja akamwite."

Kallaghe alipofika, watu wote walikuwa kwenye ndiva. Alikuwa amekonda, na mikono ilikuwa na malengelenge ya jembe la watu wengine. Naghenjwa akakiweka chungu chini katikati, pale alipowahi kusimamishwa Kallaghe.

"Tazameni ndani," akasema. "Kila mmoja aje atazame."

Wakaja, wakatazama, wakaziba pua.

"Huu ndio uchafu niliowanywesha. Aliyeumwa alinywa, akaacha ugonjwa wake humu, na mzima akaja akanywa juu yake. Mimi nilikuwa nikiongeza maji tu. Kallaghe hakuua hata ndege mmoja. Ndege niliwaua mimi, na shamba lake nimeliua mimi." Akamgeukia. "Shemeji, sina la kujitetea."

Mzee Mchome alitazama ardhi. Wanawake wa kijitoni walirekebisha kanga zao. Watu walimngoja Kallaghe apige kelele, na kama angepiga wangefarijika, kwa sababu mtu akikutukana unapata cha kumlaumu.

Kallaghe akakisogelea kile chungu.

"Mtama wangu hauwezi kufufuka," akasema. "Sitasema yamekwisha, kwa sababu hayajaisha. Mwanangu mnamsikia wenyewe. Lakini wema wako siulaumu, mama. Ulikuwa na kiu ya wengine moyoni mwako, na hilo ni jambo jema. Nanyi nyote mliomhurumia mkaniadhibu mimi, mlimfanyia wema mjane. Ila hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwatazama mbuzi wangu." Akainama, akapitisha kidole ndani ya chungu, akakiinua, ule ute ukaning'inia mbele ya macho ya watu. "Chungu cha wema nacho huoshwa."

Akajifuta kidole kwenye majani, akaondoka. Hakumwita shemeji. Alimwita mama, kama unavyomwita mtu usiyemjua.

Jioni hiyo hiyo watu walikwenda kuuzibua mfereji wa Kallaghe kwa mikono yao. Naghenjwa alimpa zamu yake yote ya maji hadi masika, na bustani yake mwenyewe ikakauka. Kila asubuhi alimpelekea Nakiete uji, akauacha barazani. Siku za mwanzo alikuta kibuyu hakijaguswa. Baadaye akakikuta kitupu. Mtoto akapata nguvu, akaanza kutambaa.

Masika yaliponyesha, mahindi yalichipua vizuri, kisha yakashukiwa na viwavi ambao wazee walisema hawajawaona kwa wingi ule. Shore waliokuwa wakiwala hawakuwapo. Watu waliingia mashambani, wakawaokota kwa mkono, jani kwa jani, watoto na wakubwa, na wakiwa wameinama hivyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Msimu uliofuata shore wakarudi kidogo kidogo. Tetere wakarudi baada yao. Minana wakajenga tena kandokando ya kijito. Chiriku, wale wa manjano, hawakuonekana tena Vuchini katika maisha yote ya Naghenjwa. Alizeeka akiwasikiliza, akigeuka kila aliposikia sauti nyembamba, na haikuwa wao.

Hakuacha kuwanywesha ndege. Kila kiangazi alitoa maji machache. Jioni aliimwagia migomba yaliyobaki, akakisugua chungu kwa majivu na mchanga, asubuhi akakianika juani kisha ndipo akakijaza. Mvua zikianza alikifunika kifudifudi, kwa kuwa ndege walikuwa na maji yao. Watu wa mbali waliopita walimwona bibi mzee akisugua chungu ambacho hakuna mtu anayekula ndani yake, wakadhani akili imemruka. Wenyeji waliwaambia wanyamaze.

Na Kallaghe? Alimsalimu kila walipokutana, salamu fupi, ya njiani, miaka mingi. Kisha Naghenjwa akaugua, akashindwa kutoka kitandani kiangazi kizima. Asubuhi moja alisikia mtu uani anasugua udongo kwa mchanga, taratibu, kama mtu asiyezoea kazi hiyo. Akajikongoja hadi mlangoni. Kallaghe alikuwa amechuchumaa, mvi kichwa kizima, mkono wote umo ndani ya chungu.

"Umeamkaje, shemeji?" akasema bila kuinua kichwa. "Lala. Nitakijaza mimi."

Naghenjwa akashika mwimo wa mlango, akaketi kizingitini kumtazama.

Watu wa Vuchini wakayachukua maneno ya siku ile ya ndiva, wakawapa watoto wao, nao wakawapa wao, mpaka yametufikia sisi. Hayamkatazi mtu kutoa. Yanamwambia anayetoa ainame atazame ndani ya anachotoa, leo, na kesho pia, hata kama watu wanamsifu. Chungu cha wema nacho huoshwa.